Naomba ushauri: kuvuka na mashua ya tanga kutoka Tanga hadi Wete msimu huu wa kusi (upepo wa kutoka kusini)

Mwana wa Chumbageni:

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nimenunua mashua ya mbao hapa Tanga, urefu mita 8 na ushee, tanga moja, na nyuma ina mashine ya farasi 15 ya akiba. Nataka niifikishe Wete, kisiwani Pemba, kwa ami yangu, ndiye atakayeitumia kwa uvuvi. Nikiangalia ramani, Tanga na Wete ziko mstari mmoja kabisa, zote karibu na nyuzi 5 na dakika 4 kusini, kwa hiyo naona ni kunyoosha mashariki tu, kama maili 37 za bahari. Upepo ukiwa mzuri mashua inakwenda noti 5 (maili 5 za bahari kwa saa). Nikitoka alfajiri, saa 8 mchana niwe nimefika.

Tutakuwa mimi, mdogo wangu na baharia mmoja wa Sahare aliyezoea ngalawa. Mke wangu na watoto nao wanataka kuja, maana kuna harusi Wete mwishoni mwa Julai.

Naomba mnisaidie: nitoke saa ngapi, bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) au maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), na Pemba niingilie wapi? Nimevua ndani ya ghuba tangu utotoni lakini mkondo wa Pemba sijawahi kuukata mwenyewe.

Nahodha Mstaafu:

Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kung'oa nanga. Nisikilize kwa makini, maana hiyo hesabu yako imesahau jambo moja, nalo ndilo kubwa kuliko yote.

Kati ya Tanga na Pemba si bahari kama ile ya kati ya Bagamoyo na Unguja. Unguja imekaa juu ya maji mafupi, lakini kati ya Bara na Pemba kuna kilindi cha mamia ya pima, na ndani yake unapita mkondo unaokwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, hupoa. Wakati wa kusi upepo huusukuma ukawa na nguvu: noti 2 ni kawaida, na siku nyingine hupita 3.

Sasa fanya hesabu nami. Maili 37 kwa noti 5 ni saa 7 na nusu. Kwa muda huo, mkondo wa noti 2 umekubeba maili 15 kwenda kaskazini. Wete iko dakika ya 4. Toa 15, unajikuta nyuzi 4 na dakika 49. Ras Kigomasha, ncha ya mwisho ya Pemba, iko kama dakika ya 52. Umeikosa Wete, na kisiwa kizima umekiacha kusini yako, na upepo wa kusi hautakuruhusu kurudi.

Utasema basi nitaelekeza omo (pua ya mashua) kusini kidogo nifidie. Ungehitaji kuelekeza zaidi ya nyuzi 20 kusini ya mashariki. Kusi ikivuma kutoka kusini-mashariki, huko ndiko upepo unakotoka, na tanga letu halipandi joshi (upande upepo unakotoka) kiasi hicho. Utabaki kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, mchana kutwa huku mkondo ukikuchukua.

Kwa hiyo safari ya Pemba wakati wa kusi haianzii Tanga. Inaanzia kusini. Shuka kwanza hadi Pangani, halafu vuka.

Mvanga:

Nahodha asema kweli. Sisi huku Vanga na Shimoni, upande wa Kenya, ndio tunaowapokea wanaokosa Kigomasha. Ndugu yangu, yakikufika hayo usipigane na upepo usiku kucha mpaka mmalize maji ya kunywa. Geuka, uuweke upepo nyuma, ulenge kisiwa cha Wasini. Kutoka hapo juu ya Kigomasha ni kama maili 20. Ukifika Shimoni ripoti kwa maofisa mara moja, na vitambulisho na karatasi za chombo uwe nazo kwenye mfuko usioingia maji. Mtu mwenye karatasi zake husaidiwa haraka.

Kigombe Leo:

Mimi naona mnamtisha. Ana mashine ya farasi 15. Atoke saa 8 usiku upepo ukiwa umelala, akaze mashine, tanga asilifungue kabisa. Asubuhi yuko Wete.

Nahodha Mstaafu:

Kigombe Leo, upepo hulala karibu na pwani. Ukishatoka nje ya miamba, kusi wa Julai halali usiku, na mkondo haulali kabisa. Mashine hiyo ikikazwa hunywa lita 5 hadi 7 kwa saa. Mashua nzito ya mbao ikipanda mawimbi ya mbavuni, sehemu ya muda feni iko nje ya maji inazunguka bure. Ikizima katikati, na tanga limefungwa, una watu watatu gizani wanaotafuta foromali (mti wa kufungia tanga). Mashine ni ya kuingilia mlangoni na ya kumwokoa mtu akianguka. Tanga ndilo liwe limesimama tangu mwanzo.

Bi Mkoani:

Assalaam alaykum. Mwanangu, hayo ya upepo nawaachia wenyewe, mimi nasema la watoto.

Wasipande. Nasema hivi nikiwa na uchungu. Septemba 2011 ile Spice Islander iliyozama usiku upande wa Nungwi ilikuwa inakuja huku kwetu Pemba, na Julai ya mwaka uliofuata Skagit ikazama karibu na Chumbe, katika bahari hii hii ya kusi. Zile zilikuwa meli. Hapa kwetu mpaka leo kuna nyumba zinazohesabu watu wao. Mashua mpya ambayo nahodha wake hajaijua bado si chombo cha kubebea mke na watoto. Wakate tiketi, wapande meli ya abiria, wakusubiri bandarini. Harusi watahudhuria.

Na nyinyi wanaume majaketi ya kuokolea muyavae, msiyakalie. Wengi wetu hatujui kuogelea na tunaona haya kusema.

Jambo jingine: usilenge Wete, lenga Mkoani. Mkoani iko kusini, na mlango wake ni mpana, meli zinaingia. Ukisukumwa kidogo bado una kisiwa cha Misali na ghuba ya Chake mbele yako, ukisukumwa zaidi bado una Wete. Lakini ukilenga Wete ukasukumwa, huna kitu. Ghuba ya Chake nayo usiiingie maji yakipwa, kule ndani hukauka ukabaki na matope na mikoko. Lala Mkoani, kesho yake upande taratibu ndani ya kivuli cha kisiwa, upepo wa kusi unakatwa na ardhi, maji yametulia.

Fundi wa Kalafati:

Samahani, hiyo mashua ulipoinunua ilikuwa majini au juu ya mchanga? Na kwa muda gani?

Mwana wa Chumbageni:

Ilikuwa juu, chini ya mkungu. Mwenyewe alisema tangu masika ya mwaka jana.

Fundi wa Kalafati:

Basi hata usizungumzie Pemba bado. Mbao zimekauka na kusinyaa. Ukiangalia kati ya mbao na mbao utaona pamba ya kalafati, ile ya kuziba nyufa, imelegea. Ichomoe kidogo kwa kisu, ikitoka kavu inavunjika kama uzi mkuukuu, yote itoke. Piga kalafati upya, paka sifa (mafuta ya papa) ndani na nje, kisha itie majini uiache imefungwa hapo ghubani. Siku za mwanzo itavuja, usishtuke, mbao zinakunywa. Ikishavimba maji yatapungua. Baada ya hapo ipeleke nje ya Ulenge siku yenye mawimbi, ukae nusu siku, uone ngama (maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo) inajaa kiasi gani mbavu zikinyongwa. Mashua inaweza kuwa kavu kabisa kwenye gati, na baharini ikawashughulisha watu wawili kwa ndoo.

Kagua pia vyuma vya usukani. Beba usukani wa akiba, hata kasia kubwa lenye kamba ya kulifunga tezini (nyuma ya mashua). Na usiende mtupu: mashua isiyo na mzigo inakaa juu mno na inalala ovyo. Tia farumi (uzito wa kuituliza mashua), viroba vya mchanga, chini katikati, ukazie ubao juu yake visihame.

Mwana wa Chumbageni:

Ahsanteni sana, Bi Mkoani nimekusikia, familia itapanda meli. Fundi, nimeichokoa ile pamba jioni hii na kweli inakatika mikononi. Nimemuita mtu wa kalafati.

Sasa Nahodha, nikishuka Pangani, hesabu ya maji inakuwaje? Na huo upande wa kwenda Pangani si ndio nabisha kusi mwanzo hadi mwisho?

Nahodha Mstaafu:

Kwenda Pangani tumia umande, yaani upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu, na ndani ya miamba mkondo ni mdogo. Toka Tanga kungali giza ukiwa na mtu anayeijua njia, ukae pwani, na kusi ikianza kukaza mnamo saa 3 au 4 asubuhi uwe umeshatia nanga Kigombe, katikati ya njia. Kesho yake alfajiri umalizie. Usione uvivu kugawa njia.

Pangani penyewe pana kizingiti cha mchanga mdomoni mwa mto. Maji yakipwa, mto unatoka kwa nguvu na kugongana na mawimbi ya nje, yanapasuka pale pale. Kwa hiyo kutoka ni wakati maji yamejaa na yamesimama.

Sasa tafuta siku. Pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yakapwa mnamo saa 4. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Basi hesabu siku mbili tatu baada ya bamvua kupita kilele: maji yanajaa karibu saa 12 asubuhi, yanapwa karibu na adhuhuri, yanajaa tena jioni. Hiyo ndiyo siku yako. Unatoka Pangani maji yamejaa, umande ungali unavuma. Unavuka maili 38 hadi Mkoani. Unafika saa 8 au 9 mchana na maji yanaingia, yanakusukuma mlangoni badala ya kukutema. Na jua liko mgongoni mwako. Mtu anayekwenda mashariki alasiri anauona mwamba chini ya maji, wa kijani na kahawia. Asubuhi angeona mng'ao tu. Jedwali la maji la mwezi huo lilinganishe na haya.

Ukitoka mdomoni, fungu la mchanga la Maziwe liache mbali. Maji makubwa hulifunika fungu lote, huoni kitu ila maji kubadilika rangi.

Baada ya hapo usiangalie omo limeelekea wapi, angalia latitudo kwenye GPS, na dira uwe nayo simu ikifa. Ukifika nusu ya njia, longitudo nyuzi 39 na dakika 18, soma. Ukiwa bado kusini ya dakika ya 17, endelea na Mkoani. Ukiwa kati ya 17 na 10, iache Mkoani, lenga Chake au Wete. Ukiwa umeshapita dakika ya 10 kwenda kaskazini ungali katikati, safari imekwisha siku hiyo: geuza urudi Bara, Tanga iko kama maili 13 au pungufu. Andika namba hizo kwenye ubao kwa rangi, mkubaliane wote watatu kabla ya kutoka, maana mtu akiwa ameloa na kisiwa anakiona mbele hataki kusikia habari ya kurudi.

Mwana wa Chumbageni:

Nimeongea na ami. Anasema harusi niende kwa meli na wenzangu, mashua anaweza kuisubiri. Je, nikingoja hali inabadilika sana?

Nahodha Mstaafu:

Inabadilika. Kuanzia Septemba mwishoni kusi hulegea na mkondo hupungua, na njia ni hiyo hiyo ya Pangani. Usichelewe mno ukaingia tanga mbili (kipindi cha upepo kubadilika kati ya kusi na kaskazi), utakaa katikati tanga limelala na mkondo unakwenda. Hapo ndipo mashine na petroli vitakuwa na kazi. Na ukifika hadi kaskazi imetulia, Januari, hapo ndipo ile njia yako ya kwanza ya kutoka Tanga moja kwa moja inaanza kufaa, kwa kuwa upepo unatoka juu, kaskazini, na mkondo umepoa.

Kwa vyovyote, sikiliza utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kabla na alfajiri yenyewe. Wakitoa tahadhari ya upepo mkali, baki Pangani.

Bi Mkoani:

Na mtu wa Pangani na mtu wa Mkoani wote wawe na saa yako ya kutoka na saa ya kufika. Jua likikaribia kuzama hujaonekana, wa Mkoani apige simu kwa wahusika wa bandari, asingoje asubuhi.

Mwana wa Chumbageni:

Basi ni mwanzo wa Oktoba, siku ya tatu baada ya bamvua. Kalafati inaanza Jumatatu. Fundi, pamba ya hapa sokoni ni laini sana, niitumie hiyo au niagize nyingine?

Fundi wa Kalafati:

Hiyo laini inafaa ukiisokota vizuri na kuilowesha sifa kabla ya kuigonga. Usiigonge kwa nguvu ikatokea ndani. Tuma picha ya mbao za chini karibu na mkuku (mti wa chini kabisa wa mashua) kabla mtu wa kalafati hajaanza, nataka nione kama kuna mchwa wa bahari.