Mjadala: Anwani za mafundi kwenye sajili za intaneti zifichwe, au wauzaji wabanwe?

Mleta mada: Wakuu, sajili zinazogawa anwani za IP (namba za kutambulisha vifaa mtandaoni), kama AFRINIC ya Afrika, RIPE NCC ya Ulaya na ARIN ya Marekani, huweka wazi baruapepe za wasimamizi wa mitandao, ili mtandao ukianza kushambulia wengine, mhusika apatikane usiku uleule. Wauzaji wameifanya orodha hiyo shamba la kuvuna wateja. Tangu IANA, msimamizi wa anwani za IP duniani, ilipogawa mafungu yake ya mwisho ya IPv4 (anwani za mfumo wa zamani) Februari 2011, madalali wa anwani za IP nao wamo: uza, kodisha, tupigie. Zifichwe?

Bawabu: Zifichwe. Kwenye sajili za vikoa (majina ya tovuti), GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, ilipoanza kutumika 25 Mei 2018 taarifa nyingi za watu binafsi zilifichwa, na intaneti haikusimama.

Mkesha: Haikusimama, ila anayefuatilia tovuti ya utapeli sasa anaishia kwenye fomu ya kuomba taarifa za mmiliki. Na IP si kikoa, mkuu. Mtu akitangaza njia isiyo yake kwenye BGP, mfumo ambao mitandao huelezana njia za kupitisha trafiki, trafiki ya wengine inapotea dakika hiyohiyo. Huwezi kungoja fomu ijibiwe. Kosa ni la anayetumia vibaya, na sheria inaweza kumbana. Verio ilituma roboti kuchota taarifa za wateja wapya wa Register.com, msajili wa vikoa, ili iwauzie huduma; mahakama ya New York ikaizuia mwaka 2000, na rufaa ikashikilia hivyo 2004.

Bawabu: Miaka minne, tena dhidi ya kampuni inayojulikana ilipo! Anayebadili kikoa kila wiki utamshtakia wapi? RIPE NCC ina ukomo wa taarifa za watu 1,000 kwa siku kwa kila IP. Mwenye IP mia moja haumzuii.

Fundi Njia: Kwanza ondoeni majina ya watu. Wekeni anwani za kazi, noc@ (ya wasimamizi wa mtandao) na abuse@ (ya malalamiko), zilizopangwa na RFC 2142, waraka wa viwango vya intaneti, tangu 1997. Kisha kila sajili ipewe anwani yake, mfano noc-ripe@, isiyotumika popote pengine. Tangazo likiingia humo, unajua limevunwa wapi. Lipeleke kwa sajili hiyo pamoja na vichwa vyote vya barua (mistari inayoonyesha ilikopitia), maana bila vichwa hawana cha kufuatilia. Tumia kistari, si alama ya kujumlisha (noc+ripe@), kwa sababu fomu nyingine huikataa.

Jambo linaloharibu zaidi ni kichujio kikali kwenye abuse@. Malalamiko ya kweli hubeba nakala ya barua taka yenyewe. Kichujio kikiiona, kinatupa vyote, na mlalamikaji anadhani umempuuza. Matangazo yaelekeze kwenye folda ya pembeni inayokaguliwa kila siku, usiyafute moja kwa moja.

Mkesha: Naunga mkono, ila anwani ya kundi bila zamu ni kaburi. RIPE NCC hukagua kila mwaka kama abuse@ inapokea barua. Haikagui kama kuna anayezisoma.

Bawabu: Anwani za kazi ziwe wazi, hapo sina ubishi. Majina na simu za watu binafsi bado nasema yatoke.