Kola ya mtoto wa mbwa: saizi gani?

Mtoto wa mbwa ana miezi 3, shingo sm 26. Ninunue kola gani, maana anakua haraka?

— Chukua ya nailoni inayorekebishika, sm 25 hadi 40, upana sm 1.5. Ya ngozi ingoje amalize kukua. Ikishafungwa, vidole viwili vilivyolazwa vipite chini yake bila kulazimisha.

— Naongeza: ivute kuelekea masikioni. Ikivuka, atachomoka barabarani. Pima tena kila wiki, tena akiwa amesimama. Kola iliyobana huchubua shingo, na manyoya huficha kidonda hadi kinuke.

— Bandani mvue. Pete ya kola hunasa kwenye wavu, na akihangaika hujinyonga. Mnyororo mzito wa kufungia ng'ombe? Hapana kabisa.