Bodi zetu husoma kweli ripoti za vihatarishi?

MtuWaMtoni: Asalaam aleikum jamani, mie nipo shirika moja la SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) hapa Unguja, kila robo mwaka twaandika daftari la vihatarishi, yaani mambo yanayoweza kulitia shirika hasarani, likifika kwa bosi mazito yote yanatolewa, bodi wanapelekewa habari za viti kuvunjika 😂 sasa bodi ya nini?

BiKarafuu: Inategemea yakhe. Kama ina kamati ya ukaguzi na mkaguzi wa ndani anaripoti kwao moja kwa moja, bosi hana pa kuficha. Ila wajumbe wakiwa wa posho tu, hakuna anaejua mahesabu, utapata ripoti nyembamba kama chapati ya maji.

WaChake: Mnakumbuka giza la 2008, umeme ulipokatika? Unguja nzima karibu mwezi, halafu tena Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisa wakati ule tulikuwa twategemea waya mmoja wa umeme wa baharini kutoka Bara. Kihatarishi kama kile ndo cha kuwekwa ukurasa wa mwanzo na bodi iulize tuna mpango gani, si viti.

BiKarafuu: Hapo sawa. Na mara nyingi mwenyekiti kateuliwa na Rais, mkurugenzi nae kateuliwa na Rais, nani atambana mwenzake?

MtuWaMtoni: Mmh. Basi ntaomba dakika zangu kwa kamati ya ukaguzi.