Kichwa cha treni ya mvuke kikikwama ng'ambo kinarudishwaje kwao?

Mtoto_wa_Changamwe
Wakuu habari za jioni. Juzi nimetumiwa picha ya zamani ya Flying Scotsman, ile treni ya makaa ya Waingereza, nikashangaa mbele ina kengele na lile lichuma la kufagia ng'ombe relini kama treni za makaboi. Ami yangu alikuwa fayamani, yule anayetunza moto wa injini ya mvuke, enzi za East African Railways, akaniambia hiyo ilipelekwa Marekani ikakwama kule kwa madeni mpaka tajiri mmoja akaikomboa. Nikamwambia Ami acha stori, dude la karibu tani mia linapandaje meli? Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mwenye kujua atuamue.

Relini_Daima
Ami yuko sawa, mpe chai nyingine. Ilitengenezwa Doncaster 1923. Reli ya serikali ikaistaafisha 1963, mfanyabiashara Alan Pegler akainunua kwa pauni 3,000 isije ikakatwa chuma chakavu. 1969 akaipeleka Marekani ivute mabehewa ya kutangaza bidhaa za Uingereza, ndo kwa safari hiyo ikavishwa kengele, taa kubwa na hicho kichuma. Mwanzo serikali yao ilimuunga mkono, baadae ikajitoa, yeye akakomaa nayo mpaka San Francisco na pesa ikaishia hapo. Injini ikawekwa kwenye depo ya jeshi California wanaomdai wasiikamate, 1972 akatangazwa mufilisi, na unajua alirudije kwao? Alipata kibarua cha kuwapigia stori abiria kwenye meli ya kitalii. Mtu mwenye Flying Scotsman hana nauli!

Januari 1973 William McAlpine, ndo yule tajiri wa Ami, akamalizana na waliokuwa wanaishikilia kwa pauni 25,000, ikapakiwa melini, ikapita mfereji wa Panama, Februari iko Liverpool.

Klirins_Kilindini
Mimi nashinda bandarini, niwaambie tu tani mia siyo mzigo wa kutisha, transfoma za umeme zinakuja na uzito huo na zinashuka vizuri. Unamwaga maji na makaa yote, unatenganisha injini na behewa lake la makaa, kila kimoja kinanyanyuliwa peke yake, kikikaa melini unakifunga minyororo na magogo chini ya magurudumu kisisogee hata inchi maana bahari ikichafuka hicho kinatoboa meli. Kinacholaza mzigo siku zote ni karatasi, wa nani huu na nani anamdai. Ndo maana huyo McAlpine alianza na wanaodai kabla ya kutafuta meli, hapo alicheza kama mtu wa klirins kabisa 😂

Mtoto_wa_Changamwe
Sawa nimeshindwa. Ila Ami anauliza boila je, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke? Anasema injini ikilala muda mrefu kitu cha kwanza kufa ni boila, mengine yanapakwa rangi tu.

Relini_Daima
Ami ni fundi huyo. Ile ilibahatika, ilitoka Liverpool kwa mvuke wake yenyewe mpaka karakana ya Derby na watu wamejipanga njia nzima kuiangalia. Sasa linganisha na Pendennis Castle, injini nyingine ya mvuke ya Waingereza, ilienda Australia 1977, wenye migodi kule wakaitoa bure ikarudi Didcot, Uingereza, mwaka 2000, lakini kutembea tena ni 2022. Meli ni wiki kadhaa, karakana miaka 22. Halafu kitu wengi hawakioni, Uingereza na Marekani upana wa reli ni mmoja, milimita 1,435, ukiishusha tu inatembea. Garratt zetu, zile injini kubwa za mvuke za East African Railways, za reli yenye upana wa mita moja, ungezipeleka huko zingekaa juu ya trela kama sanamu.

Mtoto_wa_Changamwe
Umemgusa penyewe. Zile Garratt za klasi 59 zilikuwa 34, zimebaki mbili, na 5918 Mount Gelai iko pale makumbusho ya reli Nairobi, haijawahi kuhitaji meli ya kuirudisha. Ami kanikaripia pia kwa kuita kila treni ya mvuke "ya makaa", anasema yeye na Garratt yake hawakushika koleo hata siku moja, zilikuwa zinakula mafuta. Na chai anaidai bado.