Tupeane uzoefu: mpango wa muda unaodumu zaidi ya wiki mbili

Mkaazi_wa_Tudor

Assalam aleikum, hamjambo nyote. Uzi huu ni wa kupeana mbinu za kupanga muda, zile ambazo mtu wa Mombasa anaweza kuzishika akiwa na kazi, nyumba na safari ya kila siku. Naomba tusisimulie maisha yetu. Tuseme mbinu inaanzaje, inakula dakika ngapi, na inaharibikia wapi.

Naanza na kitu ambacho wengi hukiruka: kuhesabu. Majedwali mengi hufa kabla ya wiki mbili kwisha kwa sababu yamechorwa kana kwamba siku ni tupu. Chukua daftari la kurasa 96, fungua ukurasa mmoja kwa siku, uandike muda ulikwenda wapi. Fanya hivyo siku tatu za kazi na Jumamosi moja. Usiandike kila dakika kumi, utachoka siku ya kwanza. Andika mara nne tu: baada ya adhuhuri, baada ya alasiri, baada ya magharibi, na kabla ya kulala. Ukingoja hadi usiku kuandika siku nzima, utasahau zile nusu saa zilizopotelea kwenye simu, na hizo ndizo tunazozitafuta.

Kisha toa. Mfano: mtu anakaa Likoni, ng'ambo ya feri, kazi yake iko mjini kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Anaamka saa 11 alfajiri, analala saa 4 usiku. Hizo ni saa 17 macho. Toa kazi saa 9, safari saa 3 kwenda na kurudi, kuoga, sala na chakula saa 2 na nusu, watoto na nyumba saa 1. Inabaki saa moja na nusu. Huo ndio mtaji. Anayeandika kazi za saa tano kwenye mtaji huo atalala na deni kila usiku, na baada ya siku kumi atalichukia daftari lenyewe.

Kuhusu feri: kuvuka kwenyewe ni dakika chache, kinachokula muda ni kungoja. Pima kutoka mlango wa nyumbani hadi mlango wa kazini kwa siku tano, kisha upangie ile siku ya pili kwa ubaya. Usichukue wastani, maanake ukipangia wastani utachelewa karibu nusu ya siku zako.

Mama_Mahamri

Waaleikum salaam. Mimi nitasema habari ya kuhesabu kurudi nyuma, na mfano wake mzuri ni mahamri na mbaazi, kwa sababu mteja hangoji.

Meza iwe tayari saa 12 na nusu asubuhi. Kukaanga unga wa kilo mbili kwa karai moja ni kama dakika 45, na robo saa ya kupanga vyombo na kubeba. Basi mafuta yawe yamepata moto saa 11 na nusu. Kukata madonge, kusukuma na kuyaacha yaumuke mara ya pili ni dakika 40, kwa hiyo unaanza saa 10 na dakika 50. Unga kuumuka mara ya kwanza kwa joto letu ni kama saa moja na nusu, umerudi saa 9 na dakika 20. Kukanda dakika 20. Umefika saa 9 usiku! Na mbaazi bado hatujazitaja.

Hapo ndipo hesabu inapoonyesha pa kukata. Kukanda na kuumuka kwa mara ya kwanza kunaweza kuhamia usiku, baada ya isha, kwa sharti upunguze hamira. Kama kawaida unatia vijiko viwili vya chai, tia nusu kijiko. Ukiacha hamira ile ile, unga utapanda, utafurika bakuli, utachacha, na asubuhi mahamri yatanukia uchachu. Mbaazi ziroweke usiku huo huo. Saa 10 na dakika 50, unapoanza kusukuma, mbaazi ziwe zinainjikwa kwenye jiko la pili, zichemke saa moja, kisha tui robo saa. Sasa kuamka ni saa 10 na nusu, si saa 9. Umeokoa saa moja na nusu ya usingizi bila kufanya chochote haraka.

Somo liko kwenye kutenganisha muda wa mkono na muda wa sufuria. Kukanda kunataka mikono yako. Kuumuka hakukutaki kabisa. Ukiandika orodha, weka alama mbele ya kila kazi ya sufuria: kuroweka nguo, kuchaji simu, mtungi wa maji kujaa, faili kubwa kupakia kwenye kompyuta. Hizo zianze kwanza, halafu fanya za mkono ndani yake. Watu wengi hufanya kinyume, wanamaliza kufagia ndipo wanainjika chungu.

Saa_Sita_Tofauti

Bi Mama_Mahamri, shukran, hiyo ya muda wa sufuria nimeiandika. Mie nataka kuongeza kosa moja dogo linaloua mipango ya watu wengi hapa: saa ya simu na saa ya Kiswahili.

Kichwani mtu anasema saa tatu. Anafungua kalenda ya simu, anaandika 3:00. Simu imelala, yeye amelala, kengele inalia usiku wa manane. Au mbaya zaidi: bosi aliyezoea Kiingereza ameandika saa tatu akimaanisha alasiri, wewe ukaenda asubuhi ukakuta ofisi iko kwenye mkutano mwingine. Dawa ni tatu. Kwanza, weka simu kwenye mfumo wa saa 24, ili 09:00 na 21:00 zisifanane. Pili, unapoandika miadi andika zote mbili kwa mstari mmoja, kwa mfano "saa 3 asubuhi, 09:00". Tatu, mkiagana na mtu, mwambie kipindi cha siku: asubuhi, mchana, alasiri, usiku. "Saa tisa" peke yake haitoshi.

Kengele nazo zipewe majina ya vitendo. "Mkutano" si jina la kengele. "Vaa viatu" ni jina. Kwa kila safari weka mbili: moja ya kuanza kujiandaa, moja ya kutoka mlangoni. Ile ya saa ya mkutano wenyewe futa, haikusaidii kitu, maanake ikilia na ungali Buxton umeshachelewa.

Zamu_ya_Kilindini

Mbinu zilizosemwa ni nzuri, lakini zinamfaa mtu ambaye Jumatatu yake inafanana na Jumanne. Bandari haifungwi usiku, na walinzi, wauguzi na madereva wa malori wako hivyo hivyo. Jedwali la saa likiandikwa wiki ya zamu ya asubuhi, wiki ya usiku ni karatasi tu.

Kwa watu wa zamu, panga kwa kuhesabu kutoka kuamka. Saa ya kwanza baada ya kuamka: maji, chakula, hakuna simu. Saa ya pili na ya tatu: kazi inayotaka akili. Saa ya nne: sokoni na shughuli ndogo ndogo. Haijalishi umeamka alfajiri au alasiri, mpangilio ni ule ule. Andika kadi tatu ndogo za karatasi ngumu, moja ya zamu ya mchana, moja ya usiku, moja ya siku ya mapumziko, zikae kwenye pochi. Unatoa ya leo tu.

Panapoharibika ni ile asubuhi ya kutoka usiku. Mtu ametoka saa 1, anasema kwa kuwa ofisi zinafunguliwa saa 2 na bado yuko mjini, amalize mambo yake kwanza. Anafika nyumbani saa 6 mchana, chumba kimeshika moto, usingizi hauji, na usiku anarudi kazini na saa tatu za kulala. Sheria iwe moja: asubuhi ya kutoka usiku hakuna shughuli yoyote isipokuwa mkate na kitanda. Lala kabla ya saa 3, pazia zito, feni, simu kimya, ili saa za usingizi mzuri zipite kabla ya joto la mchana. Shughuli za ofisini zina siku yake kwenye kadi ya mapumziko.

Maji_Mafu

Wavuvi na wauza samaki, sisi hatufuati saa wala zamu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika kama 50, kwa hivyo kila siku yanasogea mbele karibu dakika 50. Jumatatu maji yakijaa saa 4 asubuhi, Jumatatu inayofuata saa hiyo hiyo utayakuta yamekupwa. Ukijiwekea "kila siku saa 4 nitasuka nyavu", mpango utakushinda kwa wiki moja.

Andika kwa chaki ukutani saa za kujaa na kupwa za siku saba. Kisha funga kazi za nchi kavu kwenye maji: nyavu wakati maji yako juu, hesabu za pesa mara baada ya kuuza, mafundi na hospitali siku za maji mafu, yaani maji yasipojaa wala kupwa sana. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, usiahidi mtu chochote cha mchana.

Mwanafunzi_wa_Usiku

Kuna aliyejaribu ile ya dakika 25? Naona inasifiwa sana, lakini nyumba yenye watoto haikupi 25.

Saa_Sita_Tofauti

Ndugu, iko hivi. Mbinu hiyo ni ya Mwitaliano Francesco Cirillo, aliianza mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Dakika 25 kazi moja tu, 5 za kupumzika, na baada ya vipindi vinne pumziko refu la dakika 15 hadi 30. Inafanya kazi kwa kusoma, kuandika, kupiga hesabu. Mwenye duka asijisumbue nayo, kila mteja ataivunja.

Nyumba yenye watoto, shusha hadi 15. Kilicho muhimu si idadi, ni kwamba kipindi kina mwanzo na mwisho na kazi moja ndani yake. Wazo lingine likija katikati (umeme haujalipwa, simu ya shangazi), liandike pembeni ya karatasi uendelee. Na usitumie simu kama saa ikiwa magrupu ya WhatsApp yanalia humo humo. Nunua saa ndogo ya mezani.

Pa kuvipachika: kati ya magharibi na isha. Hapa kwetu ni kama saa moja na dakika kumi. Ukitoa sala na chai, vipindi viwili vya dakika 20 vinaingia vizuri. Na kwa kuwa Mombasa iko kiasi cha digrii 4 tu kusini mwa ikweta, nyakati za sala husogea kama nusu saa tu mwaka mzima. Ukipachika kazi kwenye adhana, nguzo yako haihami kila mwezi.

Hesabu_za_Duka

Wenye biashara ndogo, msisahau mpango wa mwezi. Tarehe 9 ni kodi ya mishahara ya wafanyakazi, tarehe 20 ni VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa waliosajiliwa, 30 Juni ni ritani ya kodi ya mtu binafsi. Kwenye kalenda ya ukutani usizungushe tarehe hizo. Zungusha siku tano za kazi kabla, na siku ile andika kazi yenyewe: "kusanya risiti", si "kodi". Siku ya mwisho kila mtu yuko kwenye mtandao ule ule.

Mkaazi_wa_Tudor

Nashukuru sana, mambo mazito haya. Niongeze namna ya kupima kama mbinu inakufaa.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wiki mbili. Anayeanza daftari jipya, kuamka mapema na kuzima simu siku moja, ikifa hatajua kilichoua ni kipi. Kila usiku weka alama moja: leo nimefungua mpango au sikufungua. Usihesabu kazi zilizokwisha, maanake hizo hutegemea siku. Alama kumi kati ya kumi na nne, endelea nayo. Chini ya saba, mbinu ni nzito kuliko siku yako: punguza. Kazi tatu kwa siku zinatosha, moja kubwa na mbili ndogo.

Na makadirio yako yazidishe kwa moja na nusu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika kosa hili mwaka 1979: mtu hukadiria kazi kwa kuifikiria jinsi itakavyokwenda sawa, badala ya kukumbuka kazi kama hiyo ilichukua muda gani mara zilizopita. Kwa hiyo pembeni ya kila kazi andika dakika ulizodhani, na ukimaliza, dakika zilizokwenda kweli. Baada ya mwezi mmoja utajua kizidisho chako mwenyewe. Kwa safari za mjini mara nyingi ni zaidi ya moja na nusu.

Dada_wa_Majengo

Na Ramadhani jamani? Kila kitu huvurugika mwezi ule.

Mama_Mahamri

Mwanangu, Ramadhani uwe na kadi yake, kama alivyosema kaka wa zamu. Kazi ya akili ifanywe baada ya alfajiri mpaka saa 5, kabla kiu haijaanza kusema. Sokoni nenda kabla ya alasiri, ukichelewa utaikuta Marikiti imejaa na wewe hujainjika kitu. Baada ya alasiri ni jikoni tu, na baada ya tarawehe usiandike lolote kwenye orodha.

Sambusa zikunjwe wiki ya mwisho ya Shaabani, zipangwe kwenye sinia zisigusane, zigande kwenye friza, ndipo uzitie mfukoni ishirini ishirini. Siku ya kukaanga usiziyeyushe, zitie mafutani vile vile, moto wa wastani. Ukiziyeyusha, manda (ganda la nje) hulowa na kupasuka. Kaimati ndizo usizikande mapema: changanya unga saa 10 jioni, uumuke kwa muda wa saa moja, na ukaange mafungu mawili, la pili dakika kumi kabla ya adhana.