Mjadala: Vijitabu vya sala vyenye "ahadi" vina nafasi kwenye jumuiya zetu?

Tumsifu Yesu Kristu.

Ndugu zangu, jumuiya yetu ndogondogo imegawanyika kwa ajili ya vitabu. Kuna wanaotaka muda wa kutafakari Injili upunguzwe ili tusome vitabu vinavyopendwa na watu: maisha ya mtawa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, shajara ya mtawa Mtakatifu Faustina, na vile vijitabu vya sala vinavyouzwa nje ya geti la kanisa baada ya Misa. Wengine wanashikilia kwamba mlei anatoshwa na Biblia na Katekisimu, kile kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa Katoliki. Mimi si padre wala katekista, ni msomaji, na naona pande zote mbili zinavitia vitabu hivi katika kapu moja wakati havifanani hata kidogo.

Nianze na wa "Katekisimu inatosha". Teresia alifariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, hakuwahi kusomea teolojia. Kitabu chake kilitoka mwaka uliofuata, nakala 2,000 tu. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwalimu wa Kanisa, cheo cha watakatifu ambao mafundisho yao yanafaa Kanisa zima. Na hiyo Katekisimu mnayoitetea, ifungueni sehemu ya nne, inayohusu sala, namba 2558: inapouliza sala ni nini, jibu la kwanza inalotoa ni maneno ya huyo sista kijana. Sasa mtamzuiaje mama wa jumuiya asimsome mtu ambaye Katekisimu yenyewe inamsoma?

Lakini vijitabu vya ahadi ni habari nyingine, na hapa sitaki kulainisha maneno. Chukueni zile sala 15 zinazohusishwa na Mtakatifu Brijita wa Sweden. Sala zenyewe zinatafakari mateso ya Bwana, na sina ugomvi nazo. Tatizo ni ukurasa wa ahadi: ukizisali mwaka mzima, roho 15 za ukoo wako zitatoka toharani (mahali pa kutakaswa kabla ya mbinguni), wakosefu 15 wa ukoo wako wataongoka, na kadhalika. Roma ilishatoa onyo mwaka 1954 kwamba haijathibitika kuwa ahadi hizo zilitoka kwa Mungu. Onyo hilo hulikuti kwenye kijitabu, ahadi ndizo zimejaa.

Madhara yake nimeyaona. Mjane mmoja wa kwetu aliruka siku moja ya sala hizo akiwa anauguza mjukuu. Akaambiwa hesabu imevunjika, aanze upya. Alilia, akiamini kwamba mumewe amebaki toharani kwa kosa lake. Mtu aliyekesha na mtoto mgonjwa, tena kwa upendo, anatoka na hatia! Hapo sala imegeuzwa mkataba wa biashara na Mungu, na anayeumia zaidi ni mwenye imani zaidi.

Najua jibu linalokuja, kwa sababu kaka mmoja alinipa jumuiyani na ni hoja nzito: "Hata Faustina alipigwa marufuku." Ni kweli. Alifariki 1938, na mwaka 1959 Vatikani ikakataza kueneza picha na maandishi ya ibada ya Huruma ya Mungu kwa namna alivyoyaleta yeye. Katazo likaondolewa Aprili 1978, na mwaka 2000 akatangazwa mtakatifu. Leo ikifika saa tisa alasiri watu wanasali rozari ya huruma hadi ndani ya daladala. Basi, anasema yule kaka, tungewasikiliza wakubwa tungeikosa neema hii.

Mimi historia hiyohiyo naisoma kinyume chake. Padre Michał Sopoćko, muungamishi wa Faustina, alifariki 1975 bila kuona katazo likiondolewa. Karol Wojtyła, ambaye baadaye ndiye Papa Yohane Paulo II, akiwa Askofu Mkuu wa Kraków, alianzisha mwaka 1965 uchunguzi rasmi wa maisha ya Faustina, mashahidi wakahojiwa na maandishi yakapitiwa upya. Ibada ilirudi kwa njia ya kazi ya miaka na uvumilivu wa watu walioipenda. Kijitabu kisicho na jina la mwandishi, la mchapaji wala la askofu, nani anakichunguza? Na hata shajara iliyokwisha kupita katika tanuri la uchunguzi huo bado ni ufunuo binafsi, yaani si sehemu ya ufunuo wa Kristo. Katekisimu namba 67 inasema kazi ya mafunuo ya namna hiyo si kukamilisha ufunuo wa Kristo, ni kutusaidia kuuishi kikamilifu zaidi katika kipindi fulani. Kwa hiyo isomwe, ila Injili isipunguziwe hata dakika moja kwa ajili yake.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 iko wazi. Kanuni ya 826 inadai kitabu cha sala kisichapishwe bila ruhusa ya askofu mahalia. Kanuni ya 827 inakataza kuuza au kugawa kanisani maandishi ya dini yasiyo na kibali cha mamlaka ya Kanisa. Geti liko nje, najua, lakini muumini akitoka Misani na kukuta kijitabu pale anaamini kimetoka kwa paroko.

Napendekeza kila kitabu kinacholetwa jumuiyani kifunguliwe kurasa za mwanzo mbele ya wote, tutafute imprimatur, yaani kibali cha Kanisa cha kuchapa. Haimaanishi kila sentensi ni kweli. Inamaanisha kuna mtu mwenye mamlaka aliyekisoma na kukubali kichapwe. Kisicho nayo kisisomwe kwenye jumuiya mpaka paroko akione.

Makatekista mliomo humu, mtu akiwaletea kijitabu cha ahadi huku amefiwa juzi tu, mnamwambia nini bila kumvunja moyo? Na mnaotetea vijitabu hivi, naomba mnijibu hasa kuhusu yule mjane.