Makaa ya moto kwa karibu: wekundu unapotea, picha inatoka nyeupe

lenzi_pwani
Wakuu, naomba msaada. Napiga makaa kwenye jiko la mkaa usiku, lenzi ya makro (ya kupiga vitu kwa karibu sana) ya mm 100, ukubwa wa 1:1, yaani kitu kinaingia kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi. Nataka nyufa za kaa zionekane pamoja na ule wekundu unaopumua chini ya majivu. Ninachopata ni doa jeupe lenye ukingo wa njano na giza tupu pembeni. Kamera iko kwenye P (inajipangia mwanga yenyewe), na ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, inajichagua. Kwa simu, kaa linatoka zambarau! Nakosea wapi?

fundi_shata
P ndiyo inayokuangusha. Kamera inaona fremu nyeusi, inadhani mwanga ni haba, inaongeza. Mwanga wa kaa karibu wote ni mwekundu, kwa hiyo chaneli nyekundu (sehemu ya picha inayorekodi wekundu) inajaa kwanza na kugota. Kijani inaendelea kupanda, rangi inahamia njano, kisha nyeupe. Wekundu uliokatwa hivyo haurudi hata kwa kuhariri.

Weka M, upange mwanga mwenyewe. Anza na tundu la lenzi f/8, shata ya sekunde 1/30, ISO 400, kamera juu ya stendi, faili la RAW (picha ghafi). Kisha badilisha shata peke yake huku ukitazama histogramu (grafu ya mwanga) ya nyekundu. Ile ya jumla inaegemea zaidi kijani, itakuambia picha ni salama wakati nyekundu imeshakatika. Mizani ya rangi (WB) iweke mwenyewe kwenye 5200 hadi 5500 K. Ukiiacha ijichagulie, inalichukua kaa kama taa ya balbu na kulipausha.

Zambarau ya simu ni infraredi, mionzi isiyoonekana kwa macho. Kaa linatoa infraredi nyingi kuliko mwanga tunaouona, na filta ya ndani ikiwa dhaifu inapenya hadi kwenye sensa na kuingia chaneli zote tatu, ya buluu ikiwemo. Kushusha mwanga hakuondoi rangi hiyo. Dawa ni filta ya kuzuia infraredi mbele ya lenzi, au tumia kamera.

majivu_mepesi
Naongezea la fokasi, maana hapo ndipo picha nyingi za makaa zinapoharibikia. Kwa 1:1 na f/8, sehemu inayotoka wazi, bila ukungu, ina kina cha kama milimita 1 tu, na mdomo wa lenzi uko sentimita 14 hivi kutoka kwenye moto. Rudi nyuma hadi nusu ya ukubwa: unapata kama milimita 3, lenzi inapata nafuu ya joto, halafu unakata picha baadaye.

Usipige kutoka juu. Hewa ya moto inapanda na kutetemesha kila kitu, picha inalegea hata fokasi ikiwa sahihi. Piga kwa ubavu. Ukingo wa jiko ukikuziba, toa makaa kwa koleo uyaweke juu ya tofali, usawa wa lenzi. Yawe matatu, yakitazamana: kaa moja peke yake linapoa upesi kwa kukosa joto la wenzake. Fokasi uielekeze kwenye ufa ulio kati yao, huko ndani ndiko wekundu unakokolea na kudumu.

Pepea kidogo kutoka pembeni, acha sekunde mbili tatu majivu yatue, ndipo ubonyeze. Ukipepea kwa nguvu kaa linageuka njano na kipimo chako chote kimeharibika.

fundi_shata
Kweli kabisa hilo la ubavu. Na lile giza la pembeni: tochi ndogo nyuma ya karatasi nyeupe, chini na upande mmoja, hafifu sana. Inatosha kuonyesha magamba ya majivu bila kuua wekundu. Ivalishe lenzi kioo cha UV, kiwe kinga. Cheche ikitua, bora iunguze kioo cha bei rahisi. Mkaa uwe mkavu, ulioloa unapasuka na kurusha vipande. Na kazi hii ni ya nje: makaa yasiyotoa moshi bado yanatoa hewa ya sumu, chumba kilichofungwa kinaua.

lenzi_pwani
Asanteni sana. Na vile vindimi vya buluu vinavyocheza juu ya mkaa?

majivu_mepesi
Hiyo ndiyo hewa yenyewe ya sumu, kaboni monoksidi, inaungua. Ni hafifu mno. Zima tochi, f/4, 1/30, ISO 1600, uweke kitu cheusi nyuma, na makaa yenyewe yabaki nje ya fremu, la sivyo yatang'aa hadi kuifuta buluu.